Kadi Isiyodondoka

Baridi ya Iyunga mwezi wa saba haina adabu. Inapenya hata koti la polisi, na Mkaguzi Msaidizi Budeba, mtu wa Shinyanga aliyekulia juani, alikuwa ameliinamia jiko la mkaa la Bi Mwantumu utadhani amekuja kuota moto tu.

"Sogea kidogo, Inspekta," Mwantumu alisema. "Ukiniunguzia kadi, utaandika upya wewe mwenyewe akina mama mia mbili na kumi na wawili."

Budeba akasogea. Chumba cha kadi kilikuwa nyuma ya zahanati ya misheni, kidogo, kina dirisha moja linalotazama barabara kuu. Mwantumu ndiye aliyekuwa karani wake tangu mwaka sabini na moja. Wazee wake walitoka pwani enzi za Mjerumani wakalowea Mbeya, naye alishika mavazi yao: buibui jeusi, na chini yake viatu vya ngozi alivyoving'arisha kila alfajiri. Watu walisema ukitaka kujua kama Mwantumu anaumwa, tazama viatu vyake.

"Haya, sema shida yako," alisema.

Shida ilikuwa maiti. Jumatatu ya wiki iliyopita bwana mifugo mmoja, jina lake Mika, aliokotwa akielea ndani ya josho la ng'ombe karibu na Chimala, kisogo kimepasuka. Mika alikuwa amekataa kugonga muhuri kwenye vibali vya kusafirishia ng'ombe wa wizi. Hilo kila mtu Usangu alilijua. Aliyempiga hakuna aliyemjua, isipokuwa mwanamke mmoja.

Na habari za mwanamke huyo Budeba alizipata kwa sikio la mtu mwingine. Mzee Nkuba, mchungaji mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, alikuwa amekaa nyuma ya uzio wa josho. Alisikia ugomvi, akasikia kishindo, kisha akasikia mwanamke akimpita mbio, anahema, anasema kwa Kisukuma: nyamaza, Doto, nyamaza. Nyuma yake zikaja hatua nzito za mtu mwenye viatu. Zikasimama, zikarudi. Nkuba hakuona chochote.

"Kwa hiyo muuaji anajua ameonekana," Budeba alisema. "Mama huyo tunamtafuta watu wawili, Bi Mwantumu. Akitangulia mwenzangu, utakuwa msiba wa pili, na mtoto juu yake."

"Na kwa nini yeye mwenyewe haji polisi?"

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Mwantumu alivuta boksi refu la mbao lililoandikwa CHIMALA. Gari la kliniki la zahanati lilikuwa likienda huko kila mwezi kupima watoto, na kila mama aliyepimishiwa mtoto alikuwa na kadi yake humu.

"Mtoto anaitwa Doto," Budeba aliendelea. "Doto ni pacha wa pili, hutanguliwa na Kulwa. Basi nitafutie mama wa mapacha, ametoka Ziwa, ana watoto wa kubebwa."

"Hiyo ni kazi ya dakika tano. Tazama." Alichomoa kadi moja. Pembeni pake pote palikuwa na matundu madogo yaliyojipanga. "Kila tundu ni swali. Hili ni la waliotoka Ziwa. Hili mapacha. Hili waliofiwa na mtoto. Jibu likiwa ndiyo, nalikata kwa mkasi mpaka ukingoni, linakuwa wazi. Likiwa siyo, naliacha zima." Akanyanyua sindano ndefu ya chuma, ya kufumia sweta, aliyoachiwa na sista Mjerumani aliyerudi kwao. "Nachomeka kwenye tundu, kadi zote kwa mpigo. Nainua. Wenye tundu zima wananing'inia, waliokatwa wanadondoka. Waliodondoka nawauliza swali la pili, mpaka abaki unayemtaka."

"Na ukimaliza unazipanga upya?"

"Za nini kupanga? Sindano itazipata popote zilipo. Zilizodondoka nazirudisha nyuma kabisa ya boksi, basi."

Alipotia mkono nyuma kabisa ya boksi kuzikusanya, akasita. Alitoa kadi tatu, akazitazama, akazitazama tena.

"Hizi zimegeuzwa," alisema polepole. "Kila kadi imekatwa pembe ya kulia, ili zote zikae upande mmoja. Hizi tatu pembe iko kushoto. Mimi sigeuzi kadi. Mwenzangu Chiku hageuzi."

"Zigeuze zikae sawa, uzirudishe katikati. Kisha piga sindano."

Mwantumu akazirudisha. Akachomeka sindano kwenye tundu la Ziwa, akainua, akatikisa. Zikadondoka ishirini na nne. Akazikusanya hizo, akachomeka tundu la mapacha. Zikadondoka tatu.

Zilikuwa zile zile.

Nje lori lilipita likielekea Tunduma, na kioo cha dirisha kikatetemeka.

"Boksi hili limeshaulizwa swali lako," Mwantumu alisema. "Kabla yako."

"Lini?"

"Jumatano jioni nililifunga mimi, halina kasoro. Alhamisi nilikuwa na gari la kliniki Rujewa, hapa alibaki Chiku. Aliniambia jioni kwamba amekuja mtu wa serikali, akampa kiti na maboksi, yeye akaenda kusaidia mizanini. Sikumwuliza zaidi."

"Niitie Chiku."

"Yuko Tukuyu tangu Ijumaa. Kafiwa na shangazi."

"Msiba wa kweli?"

"Nimechanga mchele kilo mbili kwa mkono wangu, Inspekta."

Budeba alizisoma kadi tatu. Wa kwanza alikuwa Roza, na Mwantumu akamwambia kwamba huyo amelazwa. Mapacha wake walikuwa na kichomi, wameletwa Iyunga tangu Jumapili. Hatua hamsini kutoka jiko la Mwantumu.

Wodini Roza alikuwa amekaa kitandani, mtoto huku na mtoto huku. Alipoona koti la polisi aliwavuta wote wawili kifuani.

"Mwangaluka, mayu," Budeba alimsalimu.

Kusikia lugha ya kwao kulimlegeza kidogo. Akaitikia, macho chini.

"Kuna mtu alikufuata nyumbani wiki iliyopita?"

"Jumamosi. Alikuja na gari."

"Alikuuliza nini?"

"Hakuuliza. Aliniita pale garini. Akasema inua uso. Nikainua. Akaniangalia, kisha akasema, si huyu, kama alivyowaambia wale wenzangu wawili wenye mapacha. Akaondoka."

"Aliwaangalia watoto?"

"Wala. Mmoja alikuwa mgongoni, mwingine kwa bibi yake ndani. Hakutaka habari zao."

"Ulimwona sura?"

"Miwani myeusi na kofia. Na mimi niliogopa, sikumtazama sana." Akameza mate. "Nimefanya kosa gani, baba?"

"Hujakosa kitu. Pole na wagonjwa."

Alipotoka kwenye kibaraza, Mwantumu alikuwa akimsubiri, amesikia yote, mikono ndani ya buibui.

"Hakumpata," alisema. "Alhamdulillahi."

"Anayesema si huyu, anayo kichwani sura ya yule mwenyewe," Budeba alisema. "Hakutuma mtu. Amekuja mwenyewe, muuaji, akakaa kwenye kiti chako, akashika sindano yako."

Mwantumu akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Na hakumpata kwa sababu ameuliza swali baya," Budeba aliendelea. "Swali langu. Mjinga ni mimi. Bi Mwantumu, unajua jina langu la nyumbani? Naitwa Doto."

"Kulwa wako yuko wapi?"

"Alizaliwa, akalia mara moja, akafa. Mama hakuniita jina jingine mpaka anaingia kaburini. Kwetu Doto ni Doto hata akibaki peke yake. Sasa niambie, mama wa namna hiyo unamkatia tundu la mapacha?"

Mwantumu alifikiri, na Budeba aliona jibu likimfika usoni kabla halijafika mdomoni.

"Mimi nakata kinacholetwa mizanini," alisema. "Wakija wawili, mapacha. Akija mmoja, namwandika mmoja. Yule aliyekufa namkatia kwingine. Kwenye waliofiwa."

Walirudi chumbani karibu wakikimbia. Tundu la Ziwa, ishirini na nne. Tundu la mapacha, na safari hii Mwantumu aliwaweka kando waliodondoka, akashika walioning'inia. Tundu la waliofiwa. Akainua, akatikisa.

Zikadondoka mbili.

Ya kwanza ilikuwa na muhuri mwekundu: AMEHAMA, ILULA. Ya pili ilikuwa ya mama aitwaye Nyamizi, anakaa nyuma ya mashine ya mpunga, Chimala. Chini, kwa penseli: amezaa wawili Desemba, wa kwanza alizaliwa maiti.

"Namjua," Mwantumu alisema. "Mcheshi sana huyu. Mwezi huu nilimngoja hakuja."

"Ndiye. Kutoka kwenye ile mashine kwenda josho ni mwendo wa kuchota maji."

Ingekuwa siku nyingine Budeba angefurahi. Lakini kitu kilikuwa kimemkaa kichwani tangu zilipodondoka zile kadi tatu, na sasa akakitazama. Muuaji alitafuta mapacha. Nani alimwambia atafute mapacha? Mzee Nkuba alilisema jina la Doto mara moja tu, kwa Kisukuma, mbele ya Budeba peke yake. Budeba akaliandika kwa mkono, maana mpiga chapa alikuwa mgonjwa, akaiweka ile karatasi kwenye meza ya mkubwa wake, Mrakibu Jailos, Jumatano saa tisa. Alhamisi mtu akaja hapa. Na Alhamisi hiyo hiyo Jailos alimtuma Budeba Ilula kufukuza wezi wa ng'ombe. Budeba alizunguka kule siku nne katikati ya wauza nyanya, hakuona hata kwato.

Akaketi.

"Una nini?" Mwantumu aliuliza.

"Leo asubuhi nimemuaga mkubwa wangu. Nimemwambia nakuja hapa kutafuta kadi. Akasema vizuri, nitakupitia saa nne."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo.

Mwantumu hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Polisi," alisema. "Ndiyo maana mama wa watu hakwenda polisi."

"Naogopa, Bi Mwantumu. Nakwambia ukweli, naogopa sana." Akaishika kadi ya Nyamizi. "Naitia mfukoni."

"Usithubutu. Kila kadi ina namba, na namba zote ziko kwenye rejista ile pale, na majina. Kila baada ya kutafuta tunahesabu. Alhamisi Chiku lazima alihesabu mbele yake. Ikipungua moja ataitafuta namba, na namba itampa jina. Kadi iliyokosekana inapiga kelele kuliko iliyopo."

"Basi?"

"Iwepo. Isidondoke tu."

Alitoa kadi iliyoharibika ndani ya mtoto wa meza, akakata kipande kidogo, rangi ile ile. Budeba aliweka kidole kwenye tundu la waliofiwa. "Ziba hapa."

"Hapana. Akichukua wote ishirini na nne wa Ziwa akaanza kuwapitia nyumba kwa nyumba, utasemaje? Anayemtafuta Msukuma ataanzia Ziwa. Tunamzuia mlangoni, hatumsubiri chumbani." Akapaka gundi, akabandika kipande juu ya ule mkato, akatoboa tundu jipya katikati yake. "Miaka sita sijawahi kuzidanganya kadi hizi."

Gundi haikauki kwenye baridi ya Mbeya. Aliishika kadi juu ya jiko, akiigeuzageuza, huku Budeba akizungumza haraka dirishani.

"Akiondoka, panda gari la kliniki uende Chimala. Mchukue Nyamizi na mtoto, mlete kwa hakimu hapa mjini. Kituoni usikanyage."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa na huyu. Nitamchelewesha nitakavyoweza."

Landrova ya kijani iliingia uani. Mwantumu alipuliza kadi mara ya mwisho, akaichomeka katikati ya boksi, akaziingiza na zile nyingine huku na huku. Budeba alisimama wima akafunga kifungo cha koti.

Mrakibu Jailos alikuwa pande la mtu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuvua glavu zake kidole kimoja kimoja. Miwani yake myeusi aliipandisha juu ya kofia.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, mzee. Karibu ndani, baridi."

"Umepata nini, Budeba?"

"Akina mama watatu wa mapacha, afande. Mmoja yuko wodini, nimemhoji. Si yeye."

"Si yeye," Jailos alirudia, wala hakuonyesha kushangaa. Alivuta kiti. "Achana na mapacha. Yule alikuwa na mmoja tu, mgongoni."

Mkaa ulilia jikoni. Budeba alikaza macho kwenye kifungo cha shati la mkubwa wake. Katika ripoti hapakuwa na idadi ya watoto. Hapakuwa na mgongo. Mzee Nkuba hakuwa na macho ya kuviona.

"Ndiyo, afande," alisema.

"Doto yuko peke yake, basi Kulwa alikufa. Nilifanya kazi Shinyanga miaka miwili, mambo haya nayajua. Nashangaa wewe mwenyeji hukulifikiria."

"Uchovu, afande. Safari ya Ilula."

"Eh, Ilula." Jailos alitabasamu. Akanyoosha mkono. "Mama, nipe sindano. Napenda kazi ya mikono."

Mwantumu akampa. Hakumweleza jinsi ya kuitumia, na Jailos hakuuliza. Alizipanga kadi mezani, akazigonga ukingo ziwe sawa, akaenda moja kwa moja kwenye tundu la Ziwa.

Sindano ilipita. Akainua.

Kadi zikadondoka mezani, pa, pa, pa. Zilizobaki zilining'inia, fungu nene, na Budeba akaiona mara moja ile ya Nyamizi katikati yake, kwa sababu kile kipande kiling'aa kwa gundi mbichi. Ilikuwa karibu na kidole gumba cha Jailos. Sindano ilikuwa imeishika kwa upana wa punje ya mchele.

Jailos alitikisa. Kile kipande kilipinda kidogo. Akatikisa tena, kwa nguvu, mara mbili. Kadi moja ikachomoka ikaanguka. Jailos akaiokota, akaisoma.

"Hii ilikwama," alisema. "Sijui nani huyu." Ilikuwa ya mama mwingine, mwenye watoto sita. Akaitupa pamoja na wenzake.

Akalishusha lile fungu, akachomoa sindano, akalisogeza kando bila kulitazama. Mwantumu alilivuta kwake taratibu, akaweka kiganja juu.

Waliodondoka walikuwa ishirini na watatu. Jailos alichomeka tundu la waliofiwa. Ikadondoka moja. Akausoma muhuri wake mwekundu, akacheka puani.

"Ilula tena. Amehama lini huyu?"

"Mwezi wa tano, mzee," Mwantumu alisema.

"Mtu aliyehama anaweza kurudi kusalimia ndugu. Hesabu kadi zako, mama."

Mwantumu alihesabu kwa sauti, moja baada ya nyingine, hakuruka. Jailos alisikiliza mpaka mwisho.

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Kazi safi." Alirudisha zile kadi alizozishika, nyuma kabisa ya boksi. Pembe zikakaa kushoto. Mwantumu na Budeba waliziona wote wawili, wakajizuia kutazamana. "Panda gari, Budeba. Leo tutalala Iringa."

Budeba alimchelewesha alivyoweza. Alisema hana karatasi ya safari, wakapita ofisini. Alisema tairi la akiba halina upepo, wakapita kwa fundi. Alikumbuka sweta lake, akalirudia. Saa sita na nusu Jailos alimwambia, kwa upole ule ule, kwamba sasa inatosha.

Waliteremka, wakapita Igurusi. Jailos aliendesha mwenyewe, bastola imelala kiunoni upande wa Budeba. Hakuwa na maneno mengi. Kadiri barabara ilivyoshuka kuelekea uwanda wa Usangu ndivyo jua lilivyokaza, na Jailos akavua koti akiwa anaendesha, kisha akafungua vifungo viwili vya shati. Budeba alikuwa akihesabu saa kichwani. Gari la kliniki ni bovu, halikimbii. Labda wamefika, wamemchukua, wameshageuza. Tungepishana nao, alijiambia. Kila gari jeupe lililotokea mbele alilitazama, na halikuwa lenyewe.

Chimala waliingia saa nane. Gari la kliniki lilikuwa bado pale, limeegeshwa kando ya mashine ya mpunga, boneti iko wazi. Dereva alikuwa kichwa chini ndani ya injini.

Akina mama walikuwa wamejipanga kibarazani na watoto wao. Walipoliona gari la kliniki, nani angewazuia? Mizani ilikuwa imefungwa kwenye boriti, mtoto ananing'inia ndani yake akilia.

Jailos alipunguza mwendo. Akavua miwani.

Alikwenda polepole mno, gia ya kwanza, macho yakipita uso kwa uso. Mama wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mwenye mtoto mgongoni. Macho ya Jailos yalifika mwisho wa mstari, kwenye meza ndogo ambapo mwanamke wa buibui jeusi alikuwa ameinamia daftari, kalamu mkononi, amejifunika mdomo na pua kukinga vumbi la pumba. Karibu naye, kwenye mizani, mwanamke mwingine alikuwa amewapa mgongo, kichwa wazi, kanga kiunoni, anampoza yule mtoto anayelia.

Jailos alimtazama yule wa buibui. Akampigia honi kidogo, kumsalimu. Yule mwanamke akainua kalamu juu kidogo, hakuinua uso.

"Karani wako hodari," Jailos alisema. "Ametutangulia kumbe."

"Ndiyo, afande. Ndiyo kazi yake."

Hapo ndipo Budeba alipotazama chini ya meza. Miguu ya yule wa buibui ilikuwa peku, na tope kavu la majaruba lilikuwa limempanda mpaka kwenye vifundo. Viatu vya ngozi vilivyong'arishwa vilikuwa mizanini, miguuni mwa yule mwenye kichwa wazi, na mikononi mwake Doto alikuwa amenyamaza.

Jailos alirudisha miwani machoni, akabadili gia. Mashine ya mpunga ikabaki nyuma, kisha nyumba za mwisho, kisha barabara ikanyooka kuelekea Iringa. Wakavuka daraja.

"Mbona unatetemeka, Budeba?"

Budeba aliiangalia mikono yake juu ya mapaja. Alikuwa hajui kwamba inatetemeka.

"Baridi, afande."

Jailos aligeuza kichwa akamtazama, akalitazama na shati lililomganda kwa jasho, akachukua muda wake.

"Chimala hakuna baridi," alisema, na mguu wake ukaondoka kwenye pedali ya mafuta.